Choo cha Jirani

Kwenye wodi ya wagonjwa wa figo na njia ya mkojo, muuguzi mmoja walimwita Bibi Rangi, maana salamu yake ilikuwa moja tu: "Umeamkaje, na mkojo leo rangi gani?" Haya hakuwa nayo. Alipima mifuko ya mkojo, akaimwaga, akasafisha mipira ya kupitishia mkojo, huku akiwatania wazee waliojifunika shuka hadi puani. "Baba, mimi nimeona mikojo mingi kuliko chai. Funua!"

Shida ni kwamba kazi aliibeba mpaka nyumbani. Mtoto akitoka chooni, swali. Mgeni akitoka chooni, swali! Na mumewe, fundi makochi, mtu wa maneno machache, ndiye aliyeulizwa zaidi, tena mbele za watu.

Jirani yao, mama asiye na kifua hata kidogo, ndiye aliyelipua. "Mwambie mumeo akija kukojoa kwangu asisahau kumwaga maji. Jana nimekuta mekundu, nikadhani mwanangu kaumia."

Kumbe! Bibi Rangi akamfuata fundi karakanani, akamkuta na misumari mdomoni.

"Damu imeanza lini?"

Fundi akaitema misumari kiganjani. "Tangu mvua zianze."

"Na ukanyamaza? Uliogopa ugonjwa?"

"Nilikuogopa wewe, mama watoto. Ungenitangaza mtaa mzima."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu ni kweli. Alimshika mkono, wakaenda hospitali. Kipimo kikaonyesha uvimbe kwenye kibofu. Daktari alisema wamewahi, ila chupuchupu, na uvimbe ukatolewa. Siku zote za wodini mke alikaa kwenye kiti cha ndugu wa wagonjwa, hakugusa mfuko wala kuuliza neno. Wauguzi wenzake walidhani naye anaumwa.

Waliporudi nyumbani, fundi akaanza tena kutumia choo chao. Kila mlango ulipofungwa, Bibi Rangi alijitia kupanga vyombo, roho juu, ulimi ameubana kwa meno.

Asubuhi moja sauti ikatoka chooni. "Mama watoto! Hebu njoo uone rangi!"

Aliacha chai mezani, akatoka mbio. Mkojo ulikuwa wa njano hafifu, safi kabisa. Bibi Rangi akaegemea mlango wa choo, akaangua kilio, na fundi, suruali bado kaishika mkononi, akawa ndiye anayembembeleza.