Picha ya Mama Peres na Karatasi za Mandazi

Nitawaambia, lakini mkicheka mcheke polepole, kwa sababu hii aibu bado haijapoa, na kuna mafundi pale Laini Saba ambao mpaka leo wakiniona napita wanachukua karatasi walizofungiwa mandazi, wanazigeuza huku na huku, halafu wananiuliza, "Mama Boni, huyu si mtu wenu?" na mimi naangalia reli tu, eti nasubiri treni.

Kwanza mjue kazi yangu. Naishi Lindi, mtaa wa jirani na hapo Laini Saba, chumba kimoja, na humo ndani mna kitanda, jiko, kompyuta, printa na skana ya kufunika, na kwa hivyo vyombo natengeneza programu za mazishi, ile karatasi ya kukunja yenye picha ya marehemu mbele, historia ya maisha yake ndani na ratiba ya ibada nyuma. Watu wetu hawasafirishi mwili kwenda nyumbani bila hiyo karatasi. Mtu anaweza kukosa vyote akiwa hai, lakini siku hiyo lazima uso wake uonekane vizuri, kwa sababu ile programu ndiyo itakayobandikwa ukutani kule ushago, kijijini, ikae miaka na miaka.

Sasa Jumanne moja alikuja msichana wa Kawangware anaitwa Akinyi, amefiwa na mama yake, Mama Peres. Huyo mama alifulia watu nguo maisha yake yote na hakupenda kamera hata kidogo (ukimtolea simu anageuka, harusini anajificha nyuma ya watu warefu), kwa hivyo picha yake ilikuwa moja tu, ya studio, amesimama mbele ya maporomoko ya maji ya kuchorwa, anacheka mpaka pengo linaonekana. Akinyi alikuwa ameibandua kwenye albamu ya zamani, zile za kurasa zenye gundi, akaishika kwa ncha za vidole.

"Mama Boni, hii ndiyo yote niko nayo," akaniambia. "Hata kwa simu sina ingine. Tafadhali."

"Usijali, mami," nikamjibu. "Hapa kwangu iko salama."

(Hapo kwenye salama, mniwekee alama.)

Mwili ulikuwa uondoke Alhamisi jioni, na programu zilitakiwa kanisani Alhamisi asubuhi. Jumatano nikaamka mapema, nikaweka picha kwenye skana, nikabonyeza, na kwenye kompyuta akaja Mama Peres amezingirwa na ukungu. Nikapangusa kioo, nikajaribu tena, ukungu uko pale pale. Ndipo nikaelewa kwamba uchafu uko upande wa ndani, maana hiyo skana inakaa karibu na jiko na imekula mvuke wa maharagwe yangu muda mrefu. Nikaudhika, nikaifuta ile nakala kwenye kompyuta papo hapo (na hapo napo mniwekee alama, kwa sababu baadaye ningeitamani hata na ukungu wake).

Fundi wa skana yuko Laini Saba, hatua chache tu kutoka kwangu. Lakini nikajiuliza, kioo ni nini? Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya taa ya mafuta, tangu nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kusafisha glasi ya taa kila jioni, unapuliza pumzi ndani, unasugua na gazeti, inang'aa. Ati nimpelekee mtu kioo! Huo uamuzi mdogo ndio ulionipeleka nilikofika.

Nikachomoa waya ukutani. Picha ya Mama Peres nikailaza kitandani kifudifudi, uso umetazama leso safi ili vumbi lisimguse. Nikakivuta kifuniko cha skana kikatoka kwenye mashimo yake, nacho nikakilaza kitandani, upande mweupe chini. Nikafungua skrubu kwa bisibisi, nikanyanyua kioo, na kweli kwa ndani kilikuwa na utando wa mafuta hata unaweza kuandika jina lako. Nikapuliza pumzi, nikasugua na gazeti, nikapuliza, nikasugua, na nikiwa katikati ya kujisifu nikasikia hodi.

Alikuwa Mama Nekesa, jirani yangu wa mlango kwa mlango, mama wa Bungoma anayepika mandazi kando ya reli. Mtu mpole. Nikiwa mgonjwa huniletea uji bila kuulizwa.

"Mama Boni, uko na magazeti kidogo? Za kufungia zimeniishia na watu wamejaa."

"Hayo hapo kitandani, beba yote," nikasema bila kugeuka, kwa sababu nilikuwa nimeshika kioo kwa mikono miwili.

Akayakusanya kwa mikono, akakisifu kioo ("Wacha wewe! Si unaona mpaka dari!"), akaenda zake. Mimi nikarudisha kioo, nikafunga skrubu, nikachukua kifuniko kitandani, nikakipachika huku macho yangu yote yako kwenye yale mashimo mawili ya nyuma, nikakifunga, halafu kwa raha zangu nikatandika juu yake kitambaa cha kufuma, kwa maana kitu safi kinastahili kitambaa. Nikageuka kuchukua picha. Kitandani palikuwa na leso peke yake.

Nilikung'uta leso, nikang'oa godoro, nikaangalia chini ya kitanda, ndani ya viatu, ndani ya sufuria, ndani ya unga. Ile skana sikuifungua. Kwani ningeifungua kufanya nini wakati cha kuweka ndani yake ndicho kimepotea? Halafu yale magazeti yakanijia kichwani, nikatoka mbio.

Nilifika kando ya reli nikiwa na kiatu kimoja cha ndani na kimoja cha nje. Mama Nekesa alikuwa kwenye karai lake, amezungukwa na mafundi wa masanduku ya mabati na wachomeleaji, kila mtu ana mandazi na kikombe, na mimi badala ya kumvuta kando nikasimama katikati ya watu nikapiga kelele.

"Mama Nekesa! Umefungia watu mandazi na mama ya watu!"

Kuna mzee mmoja aliacha kutafuna kabisa, akaangalia mandazi yake, akayarudisha mezani polepole.

Nilipomaliza kueleza, Mama Nekesa akaepua karai, mafuta yakiwa bado yanachemka na foleni ikiwa bado imesimama, akaanza kunisaidia. Tukapita kibanda kwa kibanda tukiomba watu wazima karatasi zao zenye mafuta. Tukaziona picha za wanasiasa, za matrekta, za magodoro, fundi mmoja akatuita mbio, "Kujeni! Hapa kuna mama!" tukakimbia, kumbe ni mama wa tangazo la sabuni. Mama Nekesa akafika mpaka kwenye shimo la taka, akainama, akachambua kwa mikono yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimesimama nyuma yake nikimsuta mbele ya wateja wake.

"Mikono yako inajua kubeba tu. Macho uliacha wapi?"

 Alijifuta macho kwa aproni, akaendelea kuchambua.

Kumpigia Akinyi simu kulinishinda mara tatu, ya nne nikaongea. Nilipomwambia picha imepotea akasema neno moja tu, "Sawa." Afadhali angenitukana, kwa sababu hiyo sawa nilitembea nayo siku nzima. Baadaye akanipigia kusema mjomba wake, Mzee Owino, ameshauri watumie picha ya kwenye kitambulisho cha marehemu, ile ndogo ya kijivu ambayo mtu yeyote anaonekana ametoka kukamatwa, lakini kitambulisho hakiwezi kutoka nyumbani kwa sababu kinahitajika kwa karatasi za kibali cha mazishi, kwa hivyo nilete mashine yangu Kawangware.

Mama Nekesa alikuwa amesimama mlangoni kwangu, amesikia.

"Twende pamoja," akasema. "Mimi ndio nilibeba. Nitaongea nao mimi."

Nikamwachia aje. Sikumwambia hata pole.

Tukafunga kifuniko cha skana kwa selotepu kisifunguke njiani, tukakizungushia leso, tukapanda boda boda sote wawili, mimi na kompyuta kwenye mkoba, yeye akaipakata ile skana safari nzima, kila tukifika kwenye shimo barabarani anainyanyua kidogo isigongwe. Nyumbani kwa marehemu kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, kina mama wanaimba. Wakatupisha sebuleni, wimbo ukatulizwa. Wenyewe walikuwa wamekaa chini kwenye makochi na vigoda, mimi nikaweka mashine juu ya meza ndogo mbele yao, nikasimama nyuma yake nikiunganisha waya.

Mama Nekesa akasimama, mikono ameikunja mbele, bado ina unga kwenye kucha.

"Mimi naitwa Mama Nekesa. Poleni sana. Ni mimi nilibeba picha ya mama yenu nikafungia watu mandazi. Sikuona. Naomba mnisamehe, na huyu dada yangu msimlaumu, yeye hana makosa."

Akinyi akainua macho akamwangalia, akatingisha kichwa kwamba amesikia. Na mimi nikanyamaza nikaacha hayo maneno yapite! Si kunyamaza tu, nikaona niongeze yangu. Nikabandua selotepu, nikainua kifuniko wima mbele yangu, macho yangu chini kwenye kioo, nikaanza kujieleza.

"Kama mnavyoona, kioo nimekisafisha mpaka ndani, kitambulisho kitatoka vizuri kabisa. Kazi kwangu haina shida, shida ni watu wengine wanabeba kitu bila kuangalia wamebeba nini…"

Nikainua macho kidogo juu ya kifuniko. Mama mmoja ameweka mkono mdomoni. Mzee Owino amenyoosha mkono wenye kitambulisho na mkono umekwama hewani.

"Mama," Akinyi akasema.

"Pole, mami," nikamwambia kwa sauti ya upole. "Jikaze."

"Hapana. Mama huyo hapo."

Nikaangalia kioo, hakuna kitu. Nikawaangalia wao, wote wanaangalia mbele ya kifua changu. Ikabidi niiname, nizungushe kichwa nione upande wa pili wa kile kifuniko nilichokishika, na hapo nikakutana uso kwa uso na Mama Peres, amebandikwa pale kwenye ule weupe kwa gundi yake ya albamu, kichwa chini miguu juu, na maporomoko yake, na pengo lake, ananicheka.

Nilitamani kuingia ndani ya skana nijifungie skrubu.

Shangazi mmoja mzee ndiye aliyetangulia kusema. Alipiga makofi mara moja. "Peres! Yaani hata leo umejificha kwa picha!" Na nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, kile kicheko cha msibani ambacho hujui kitageuka kilio saa ngapi, na Akinyi akacheka huku machozi yanamtiririka, akaja akambandua mama yake kwa kucha, polepole, kutoka pembe moja mpaka nyingine, akamweka kifuani.

Mimi nilikuwa naangalia upande mmoja tu. Mama Nekesa alikuwa bado amesimama pale alipoomba msamaha wa kosa ambalo hakulifanya. Nikamwendea mbele ya wote, nikapiga magoti, na sisi si watu wa kupigiana magoti, nikamwambia nimemkosea, kwamba yeye hakubeba kitu chochote, ni mimi niliyemfunika huyo mama kwa mikono yangu mwenyewe. Nililia vibaya sana. Akanishika kiwiko.

"Inuka, Mama Boni. Piga hiyo picha kwanza, watu wanangoja."

Nikaipiga. Hakuna ukungu hata chembe. Kwenye kompyuta Mama Peres alitokea mkubwa na safi mpaka hereni zake zikaonekana, vijidoti viwili vyekundu, na Akinyi akagusa masikio yake mwenyewe akasema, "Ni hizi. Alinipa nikimaliza shule." Programu zilifika kanisani Alhamisi asubuhi, na wananiambia iliyo ukutani kule nyumbani bado inang'aa.

Nashukuru, jamani, na shukrani yangu haina mwisho. Nashukuru Akinyi hakunifukuza. Nashukuru yule shangazi kwa ule mzaha, maana bila yeye sijui ningetokaje mlangoni. Na Mama Nekesa, huyo sina neno la kumtosha. Asubuhi iliyofuata baada ya kupeleka programu nilienda kando ya reli saa ya chai, watu wakiwa wamejaa, nikatangaza kwa sauti ile ile niliyomsutia kwamba mwenye makosa ni mimi. Mafundi walipiga mabati kwa nyundo kunishangilia. Nimeapa sitainua tena sauti kwa mtu kabla sijafunua kila nilichokifunika mwenyewe, na kile kitambaa cha kufuma sasa kinakaa juu ya redio.

Magazeti bado nampelekea, kila ukurasa nimeukung'uta. Na kila asubuhi nikinunua mandazi kwake ananifungia, ananinyooshea, lakini hayaachilii, tumeyashika sote wawili juu ya karai.

"Fungua kwanza," ananiambia, bila kucheka. "Angalia kama kuna mama ya mtu."

Nafungua mbele ya watu wote, nageuza karatasi huku na huku, nasema hakuna, ndipo ananiachia.