Kazi Yangu Ilikuwa Kuita Majina

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipaza sauti, orodha ya wakimbizi kutoka Burundi na onyo nisimalize betri. Kituo chetu cha mapokezi kilikuwa karibu na bandari ya Kigoma, nami nilikuwa karani wa kuita majina. Nikikuita, unapanda lori la kwenda kambini pamoja na kaya yako, yaani wale mnaokula chungu kimoja. Nilisoma kwa Kiswahili changu cha darasani, kila jina nikilikazia pale Mswahili anapokazia. Hakuna aliyesimama.

Mkuu wa Kituo, mzee wa Ujiji asiye na subira, akaninyang'anya kipaza. "We si Muha wa Kidahwe? Au leo umezaliwa Upanga ya Dar? Waite kama mama yako anavyoita majirani zake!"

Kweli nilikuwa nimekionea haya Kiha changu mbele ya watu wa ofisi, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Tangu siku hiyo, kabla ya kuita, nilikaa na mmoja wa waliofika anitamkie orodha nzima. Nilitia alama kwa penseli: mstari juu ya silabi ya kuvutwa, nukta chini ya ile ya kukatwa. Kwa Wakongo, waliokuja baadaye, nilianza upya, maana makarani wenzangu walimwita Jacques "Jakwesi", na mwenyewe kakaa palepale anasubiri kusikia "Zhaki". Nilikuwa bingwa wa kazi ile, nasema bila kuzunguka.

Asubuhi moja aliletwa Mama Butoyi na watoto wawili, kwa boti kutoka Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa. Mumewe alikuwa amekufa njiani. Aliyebaki ni baba mkwe wake, aliyetangulia na kundi jingine, na lori la kundi hilo lilikuwa linaondoka saa sita kwenda kambi ya mbali.

Afisa Msajili, bibi mgeni mwenye bidii, akamuuliza jina la huyo mzee. Mama Butoyi akainamisha kichwa. Akaulizwa tena, akazidi kuinama. Afisa akamsomea majina ya wazee wote kwa ulimi wa kwao Ulaya, na mama wa watu hakutikisika.

"Hajui jina," afisa akaniambia. "Nani asiyejua jina la baba wa mumewe? Mwandike kaya yake peke yake."

Kwao, kama kwetu zamani, mkamwana halitaji jina la baba mkwe, hata kwa viboko. Kuandikwa peke yake kulikuwa na maana ya kambi nyingine, na wale watoto kukua bila mtu wa upande wa baba yao.

"Mama Butoyi," nikamwambia kwa Kiha, "usiseme kitu. Mimi nitasoma, wewe sikiliza tu."

Nikasoma polepole, nikifuata alama zangu. Nilipofika kwa Ntahombaye, akavuta kitenge akajifunika uso.

"Ntirivugwa," akanong'ona. Yaani, halisemwi. Nikajua ndilo.

Lori lilikuwa limeshawashwa. Nikaita kwa kipaza, nikilivuta jina pale linapovutwa, mara tatu. Mzee mmoja akateremka na fimbo yake, amekunja uso.

"Nani kaniita?"

"Mkamwana wako huyu, mzee. Mimi nimemwazima mdomo tu."

Akawaona wajukuu, fimbo ikamdondoka.

Sasa nimestaafu, niko zangu Katubuka, hapahapa Kigoma. Siku ya kuniaga, mkuu mpya alisoma hotuba ndefu ya kunisifu, na jina langu la Kiha akaliharibu. Wenzangu wakanikonyeza ninyamaze. Sikunyamaza. Nilikwisha kuona watu waliovuka ziwa bila kitu kingine chochote isipokuwa jina. Nilimsahihisha palepale mbele ya wageni, mara mbili, mpaka akaliweza.