Mkuki wa Jertruda Akidi

Siku padri alipoeleza kanisani kwamba Jertruda ni jina la Wajerumani wa kale, na maana yake ni nguvu ya mkuki, jer mkuki na truda nguvu, raha ya Jertruda Akidi iliishia pale pale. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za askari karibu na kambi ya Makindye, na jamani, mwanamke yule ni mwoga! Kuku akimkazia macho, yeye ndiye anayepisha njia.

Lakini majirani walishasikia. Nyoka kaingia chooni? "Mwiteni Mama Mkuki!" Mwizi yuko juu ya paa? Askari wenye bunduki zao wanamgongea mlango yeye, mjane wa miaka hamsini na nane. Naye huenda, maana hata kukataa anaogopa. Nyoka alijiondokea mwenyewe, sifa akapewa Akidi.

Akajaribu kulikata jina. "Kuanzia leo niiteni Trudi." Munirah, jirani anayemuuzia nyuzi, akapiga makofi: "Mnasikia? Ameweka mkuki chini, kabaki na nguvu tupu! Sasa anapigana kwa mikono!" Akakata upande wa pili, akawa Jeri. Ala! Hapo ukabaki mkuki mtupu, watu wakaanza kumpisha kwenye foleni ya maji.

Yote hayo aliyavumilia. Kilichomuuma ni mjukuu. Mwanawe Oola alitaka binti yake mchanga abatizwe Jertruda.

"Mwanangu, mpe jina lingine," Akidi alimsihi. "Mwache aogope kama watu."

Oola akacheka tu. "Mama, wewe na unyenyekevu wako!"

Jumapili padri akauliza, "Jina la mtoto?" Kabla Oola hajafungua kinywa, Akidi akasimama.

"Hapana! Mimi mwoga! Nyoka yule sikumfukuza, nilifumba macho! Naogopa kuku, naogopa giza, hata sasa hivi nawaogopa nyinyi wote! Msimtwike mtoto huyu jina hili!"

Vigelegele vikalipuka kanisa zima.

"Nani mwingine angethubutu kusema hayo mbele ya padri?" alipaza sauti mzee Oyet, sajini mstaafu, machozi yakimtoka. Mtoto akabatizwa Jertruda papo hapo.

Maji yalipomgusa kichwani, katoto kale kalitetemeka, kakaangua kilio cha hofu. Watu wakacheka. Akidi akamchukua mikononi mwa padri bila kuomba ruhusa, akamkumbatia kwa nguvu.

"Lia, somo yangu," alimnong'oneza. "Ogopa, ogopa mpaka uchoke. Bibi yupo."