Mke wangu alisema mimi siyo romantic, wazee wa Kisesa wakaniagizia dawa ya magoti

Wakuu, heshima zenu.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, siyo rafiki yangu wala jirani yangu. Mke wangu anajua kwamba naandika. Amesema nisimtaje jina, lakini akina Kabula hapa Mwanza ni wengi kuliko mawe, kwa hiyo namtaja.

Mimi ni fundi wa injini za boti. Kazi yangu ipo kwenye mwalo mmoja wa kushushia samaki upande wa Igogo, ila tunakaa Buhongwa. Kwa asili ni Mkerewe, mke wangu ni Msukuma wa Kisesa. Mtoto bado, na hiyo siyo mada ya leo.

Sasa siku moja ya Jumapili nakula zangu ugali, Kabula kakaa hapo pembeni anachambua mchele. Bila kuinua uso akasema, "Unajua wewe siyo romantic?"

Nikamjibu, "Sawa."

Wakuu, nilidhani ananipa taarifa tu. Kumbe lilikuwa shtaka.

Wiki nzima ile akawa ananijibu kwa neno mojamoja. Chakula kipo, nguo zimefuliwa, lakini ukimuuliza kitu ni "ndiyo", "hapana", "sijui". Mwanamke anayegomba unajua pa kuanzia. Huyu hagombi.

Nikaanza kulitafuta hilo neno.

Mwaloni nina rafiki yangu Masalu, anauza mafuta ya boti, ana wake wawili na wote wanamchekea. Nikaona huyu ana uzoefu. Akaniambia, "Romantic ni maua, bwana. Mpelekee maua, yaishe."

Nikaenda mjini. Niwe mkweli, sijawahi kununua ua tangu nizaliwe, kwetu Ukerewe maua yako nje na hayauzwi. Nikaingia duka la vitu vya sherehe nikakuta yale mataji ya mahafali, yale ya kung'aa ambayo watoto wa shule huvishwa shingoni. Yana maua ya plastiki, yana utepe, yamekaa vizuri. Nikachukua jekundu.

Nikamvisha Kabula jikoni. Akalishika, akasoma utepe. Ulikuwa umeandikwa HONGERA.

"Hongera ya nini?"

Nikasema, "Ya kila kitu." Akalivua, akalitundika kwenye msumari karibu na kalenda, akaendelea kukatakata vitunguu.

Nikaona labda tatizo ni chumba. Pale mjini kuna mzee wa Kihindi anauza mapazia, kazaliwa hapahapa, Kisukuma anakiongea kuliko mimi. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, nataka pazia la romantic." Wala hakushangaa. Akavuta jora moja zito, rangi ya damu ya mzee. "Hili ndiyo romantic. Mtu akiwa nje haoni kitu." Nikanunua, nikatundika. Chumba kikawa giza hata mchana, Kabula akawa anatafuta nguo kwa tochi ya simu.

Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Tangu nianze kulifuatilia hili neno, nililiona kila mahali. Kuna kitanda kinaitwa romantic, tofauti yake na kile kingine ni kioo kwenye ubao wa kichwani. Kuna bajaji Buhongwa imeandikwa ROMANTIC nyuma, na dereva wake namjua, ana matusi kupindukia. Kuna sabuni. Kuna kinyozi ana staili ya romantic, nikamwambia ninyoe hiyo, akaninyoa kipara. Neno moja, kila mtu kalivalisha nguo yake.

Tuendelee.

Nikamsikia mtu anasema romantic ni kumpeleka mke akale nje. Kuna hoteli moja ziwani, jina naliacha, wana usiku wa wapendanao kila wikiendi. Nikamwambia Kabula avae. Akavaa vizuri sana, gauni la kijani, na kusema kweli njiani alitabasamu. Mimi nikajua tumemaliza kazi.

Tukafika, tukakalishwa pembeni ya maji, taa zimezimwa, mezani mshumaa. Nikamuuliza mhudumu kama jenereta limeharibika, nikamwambia mimi ni fundi naweza kuliangalia. Akasema ndivyo walivyopanga.

Sasa nyie wa huku ziwani mnajua. Ukiwasha mwanga mmoja gizani pembeni ya ziwa, umewaita wadudu wote. Wale wadogo wanaokuja kama moshi. Walikuja. Wakaingia kwenye supu, wakaingia kwenye nywele za Kabula, mshumaa ukazimika kwa wingi wao.

Ningenyamaza hapo ingekuwa afadhali. Lakini sato alipoletwa nikafunua mashavu yake, tabia ya mwaloni hiyo, nikamwambia mke wangu huyu ni wa kizimba, wa kufugwa, tena ni wa juzi. Halafu ikapita boti nikasikia injini inakohoa. Nikamweleza Kabula tatizo la ile injini mpaka tukamaliza kula.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini sikumkuta. Jirani akaniambia kaenda kwao Kisesa. Simu nikipiga anapokea, anasema, "Nipo nyumbani," anakata. Nyumbani, wakati nyumbani nipo mimi.

Wakuu, nisiwadanganye. Nilimkosa sana. Nilikuwa nalala upande wangu tu wa kitanda kana kwamba yupo. Ugali niliopika mwenyewe nilikuwa nakula kwa kusimama. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikujua kosa langu. Mlevi anajua kosa lake, mchepukaji anajua kosa lake. Mimi sinywi, sina mchepuko, na mke kaondoka.

Baadaye akanipigia shangazi yake. "Mkwe, wazee wanataka kukaa. Njoo na mshenga wako. Tukishindwa kuelewana, binti anabaki hapa."

Mshenga wangu ni mwalimu mstaafu. Tukaenda Kisesa.

Tuliokaa ni baba mkwe, mama mkwe, shangazi, Mwalimu na mimi. Kabula yupo kwenye mkeka karibu na mlango, kajifunika kanga, ananiangalia mara moja anaacha. Nikatoa shikamoo zangu zote, zikaitikiwa.

Shangazi akafungua kikao. Na huyu shangazi Kiswahili chake kina Kisukuma ndani, r na l kwake ni ndugu. Akasema, "Binti analalamika. Anasema mwenzake ana shida ya lomantiki."

Baba mkwe akatikisa kichwa kwa huruma. "Hiyo lumatiki naijua, ni baridi yabisi. Ilimtesa sana marehemu kaka yangu. Inaanzia magotini."

Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu kainamisha uso.

"Kazi yake ya kusimama kwenye maji asubuhi," mzee akaendelea, "lazima ingempata tu. Kijana, nyoosha mguu."

Sasa utafanyaje? Ni baba mkwe. Nikanyoosha mguu. Akabonyeza goti, akaniuliza panauma? Nikasema kidogo, kwa heshima. Akamwambia mama mkwe amkumbushe, kuna mizizi fulani inachemshwa, ataniagizia. Kabula pale mlangoni kanga imemfunika mpaka puani.

Mwalimu akaona aibu imezidi. Akakohoa. "Mzee, samahani. Hilo siyo ugonjwa. Ni neno la Kiingereza. Kwa Kiswahili tungesema mambo ya mahaba."

Ningemziba mdomo kama ingewezekana. Mahaba! Mbele ya mama mkwe! Mama wa watu akageukia bati akawa anahesabu misumari. Baba mkwe akaniangalia kuanzia juu hadi chini, akauliza taratibu, "Kwa hiyo kijana hawezi?"

Shangazi akadakia, "Ndiyo maana mjukuu hatumwoni."

Wakahamia Kisukuma. Mimi nakisikia nusunusu, nikaokota jina la mti na "asubuhi na jioni". Nikasema, "Baba, mimi mzima kabisa." Akanijibu kwa upole, "Wote husema hivyo, mwanangu."

Ndani ya kikao kimoja nilikuwa nimeugua magonjwa mawili, na yote nimepangiwa dawa.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Akaacha kuhesabu misumari. Akamgeukia binti yake, "Kabula, acheni kutafsiri. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Kabula akashusha kanga usoni. Nikadhani atasema maua. Nilikuwa tayari, safari hii ningesoma utepe kwanza.

Akasema, "Nataka aniage."

Shangazi akasema, "Eti?"

"Anaondoka asubuhi haniagi. Naamka kitanda hakina mtu. Nilisema romantic kwa sababu sikupata neno lingine. Ningesema nataka kuagwa mngeniona mtoto."

Wakuu, hapa lazima niwaeleze. Mimi huwa navalia sebuleni, viatu nabeba mkononi, bawaba za mlango nimezipaka grisi zisilie. Yote hayo ili mke wangu alale. Nilikuwa najisifia moyoni kwamba huo ndiyo upendo wangu. Nikataka kujitetea, nikafungua kabisa mdomo.

Lakini Kabula hakuwa anazungumza na mimi tena. Alikuwa anaangalia chini, anazungumza na ule mkeka.

"Kila nikiamka, kitu cha kwanza natazama juu ya kabati kama begi lake bado lipo. Nikiliona ndiyo nashuka kitandani. Nilikuwa darasa la pili, niliamka baba hayupo. Mama akasema atarudi jioni. Nikakaa pale barabarani mpaka ng'ombe wakarudi. Alikuwa ameenda machimboni, na aliporudi nilikuwa namaliza la saba."

Mimi habari hiyo nilikuwa siijui. Ndoa nzima nimeishi na huyu mtu, najua anapenda kichwa cha sangara, najua anaogopa radi, hilo silijui. Nilijisikia vibaya, na siyo kwa ajili yangu.

Mama mkwe alikuwa analia bila sauti, anajifuta kwa ncha ya kitenge.

Baba mkwe alikaa hivyohivyo, mikono juu ya fimbo. Mzee huyu ni mtu wa amri. Nilivyomjua mimi, akitaka kutoka anasimama tu anatoka, mtajua wenyewe alikoenda. Akasimama. Tukadhani kakasirika, shangazi akaanza kusogea kumpisha.

Akaenda mpaka mlangoni, akasimama mbele ya Kabula. Akasema kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie:

"Mwanangu, naenda zizini kuangalia ndama. Sichelewi. Narudi."

Kabula akaitikia, "Haya, baba."

Mzee akatoka. Na kweli hakuchelewa. Aliporudi hakuna aliyegusia tena lile neno, tukaletewa chakula, na jioni Kabula akaingia ndani akatoka na mkoba wake. Hakuniambia anarudi na mimi. Alinipa tu nimbebee.

Siku hizi asubuhi namgusa bega. Namwambia, "Kabula, naenda mwaloni, mchana nipo hapa." Siku ya kwanza aliniambia na mimi nimezidi, usingizi ulikuwa umekolea. Nikamuuliza niache? Akasema, "Sijasema uache."

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mwenzako akikutupia neno, hata likiwa la Kiingereza, hata ukidhani unalijua, muulize yeye ana maana gani. Mimi nilimuuliza muuza mafuta, nikamuuliza muuza mapazia, nikamuuliza mpaka kinyozi. Mwenye neno lake nalala naye, sikumuuliza.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye kucheka acheke, mwenye kunipa pole atoe, na kama na wewe nyumbani umeambiwa hilo neno, tuambie lilimaanisha nini. Wale wa kuja kuniuliza habari za dawa ya nguvu, ipo, mzee aliituma kweli, njooni mchukue.

Kabula ameshaandaa chakula. Wakuu, naenda kula. Nikimaliza narudi kuwasoma.