Sahani na Nafasi ya Kumi

Enzi zetu kompyuta ilikuwa na siku zake za kuishi, na mtaa mzima ulizijua. Ninyi mliokulia Kisangani miaka ileile mtanisaidia kucheka. Ile namba nyeupe kwenye pembe ya skrini, siku 120, siku 119, siku 118, tuliifuata kuliko kalenda ya shule. Vijana wa leo simu ikibakiza chaji kidogo wanatoka jasho kama wamefiwa. Sisi sistemu nzima ilikuwa inatufia taratibu sebuleni, na bado tulitoka uani kucheza nzango, ule mchezo wetu wasichana wa kuruka na kupiga makofi, mpaka miguu ikawa myekundu kwa vumbi.

Kompyuta yetu ilikaa juu ya meza ya cherehani ya Mama, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Papa, Papa Assani kwa mtaa mzima, aliishi kwa kuwaandikia watu barua na maombi ya kazi. Miaka mingi aliandika kwa taipu, kisha akainunua mashine hiyo ikiwa imeshazeekea kwa wengine. Ilinguruma, ilitoa joto, ilinuka vumbi lililoungua. Kabla ya kuigusa tulinawa mikono kwa sabuni, hasa siku tulizokula mbinzo, maana mafuta ya wale viwavi yakishika kitu hayatoki. Na umeme ukikatika, nyumba nzima ilisema "Ooh!" kwa sauti moja, kisha kila mtu akamwangalia Papa kama yeye ndiye aliyeufungia mto Tshopo unaotupa umeme.

Diski yenyewe ililetwa na Tonton Radjabu, mdogo wake Papa, aliyekuwa akienda na kurudi Goma kwa biashara. Ilikuwa programu endeshi ya majaribio, ile inayoamsha kompyuta na kuifanya itii. Sisi tuliiita sistemu tu. Ilikuja na karatasi ya Kifaransa iliyokunjwa mara nne. Papa aliisoma Ijumaa moja baada ya sala ya mchana, sisi tumekaa mkekani, lituma ya ndizi za kuponda na samaki vinapoa kwenye sinia, kwa sababu kwa Papa maandishi yalitangulia chakula.

"Musikilize," alisema. "Sistemu hii inaishi siku mia moja na makumi mbili, kisha inaanza kujizima kila saa moja. Ufunguo yake inafungua mashine kumi tu. Moja zaidi, inakataa. Mutu anaweza kumupatia mwenzake diski, lakini na karatasi yake. Na kuuzisha, hapana!"

Hilo la mwisho alilipenda mno. Alilirudia wiki nzima, hata kwa watu wasio na kompyuta. Bwana mmoja wa sokoni alipokuja kutaka kununua nafasi, Papa alimpa chai, akampa na mkate, kisha akampa nafasi yenyewe bure. Yule bwana aliondoka amechanganyikiwa.

Mgongoni mwa karatasi Papa alipiga mistari kumi kwa rula. Mstari wa kwanza aliandika jina lake. Iliyofuata ilijaa kwa wiki mbili tu: Tonton, majirani, imamu, yule bwana wa sokoni. Tisa. Mstari wa kumi aliandika kwa penseli: "Ya nyumba." Maana yaya Mwamini, dada yangu mkubwa, alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akiandika mémoire yake, tasnifu ya kumaliza masomo, juu ya mashamba ya Masako. Siku mia na ishirini za mashine yetu zingekwisha wiki tatu kabla ya tarehe ya kuipeleka. Tonton alikuwa ameeleza kwamba ukiifuta sistemu na kuiweka upya, inaanza kuhesabu siku toka mwanzo, ila inakula nafasi moja. Basi nafasi ya kumi ilikuwa ya yaya Mwamini. Asipopeleka mémoire siku hiyo, angengoja mwaka mzima mwingine, na nyumbani wote tulijua kwamba mwaka mwingine wa masomo Papa hakuwa nao.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na kazi moja kubwa duniani: kusoma namba. Sistemu ilifunguliwa kwa simu. Kompyuta ilitoa makundi tisa ya tarakimu sita sita, ukapiga namba ya nje, sauti ya mwanamke ikakuomba uzisome, ikakujibu kwa tarakimu nyingine. Papa alishika simu, mimi nilisoma kwa Kifaransa changu cha shule, Mama alizuia hata kuku wasilie. Nilialikwa nyumba nyingine zote nane kusoma namba. Kila nyumba walinipa mikate na soda. Hakuna cheo nilichopata ukubwani kilichonivimbisha kichwa namna ile.

Sasa lazima niwaambie habari za sahani. Mtaani kwetu, sahani ya jirani ilikuwa hairudi bure, yaani tupu. Mwezi wa Ramadhani Mama aliwapelekea sahani akina Béa, ambao ni Wakristo, na Noeli ilipofika Papa Béa alikuja na jogoo wake mzima ili Papa amchinje, kusudi na sisi tuweze kula. Béa alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. Baba yake, mwalimu, alihamishiwa shule ya upande wa Kapalata, wakahama mtaa, lakini Béa akabaki shuleni kwetu, akija kila asubuhi kwa toleka, zile baiskeli za abiria ambazo viti vyake vya nyuma vilitufundisha sote uvumilivu.

Siku walipohama, Mama Béa alituachia sahani ya sombe, yale majani ya mihogo ya kutwangwa. Sahani ile ilikaa kwetu. Mama alisema, "Tungoje kidogo, itarudia na kitu." Wiki ikapita, mwezi ukapita, mambo yalikuwa magumu na kitu hakikupatikana. Kila nikifungua kabati naiona, nyeupe, na ua jekundu katikati, nikajisikia aibu, ingawa Béa hakuuliza hata mara moja. Kisha siku moja Béa akaniambia baba yake amepata kompyuta shuleni, iko kimya, haina sistemu, na mitihani ya watoto anaiandika kwa mkono, darasa baada ya darasa.

Najua mmeshafika mbele yangu. Jumamosi hiyo Papa alikwenda Bengamisa kwenye msiba. Nilichukua sahani, nikaweka diski na karatasi yake juu, nikafunika kwa kitambaa kama chakula, nikapanda toleka. Papa Béa alifunua, akashangaa.

"Papa yako anajua?"

"Ndiyo, Papa Béa. Njo yeye alinituma."

Uongo ule ulinitoka laini kama uji. Nilisoma namba vizuri kuliko siku zote. Kompyuta ikafunguka, Papa Béa akaondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilirudi nimebeba diski na karatasi kwenye mfuko wa shule, nikavipanga mahali pake. Kwenye mstari wa kumi, ile penseli ya Papa ilikuwa palepale. Sikuigusa.

Siku zetu zilikwisha miezi miwili baadaye, na si zetu tu. Kwa kuwa mashine zote tisa ziliwekwa wiki zilezile, mtaa mzima ulianza kuzimikiwa. Ulisikia mtu akipiga kelele nyumba ya tatu, baadaye wa nyumba ya tano, ukajua saa imetimia. Imamu alipoteza nusu ya hotuba yake, akasema ni heri, ilikuwa ndefu.

Papa hakuwa na wasiwasi. Yaya Mwamini aliweka maandishi yake yote kwenye disketi tatu, Papa akafuta mashine, akaiweka upya, akaniita.

"Kuja, mama. Soma."

Nilisoma. Makundi tisa, tarakimu sita sita, nikijua, tarakimu moja baada ya nyingine, kwamba itakataa. Sauti ikajibu kwamba ufunguo huo umeshafika mwisho wake. Papa akakunja uso. "Umekosea fasi moja. Soma polepole." Nikasoma tena. Ikakataa tena. Papa akachukua karatasi, akahesabu majina kwa kidole, tisa, akarudia, tisa. Kisha akaniangalia, na mimi nikaanza kulia kabla hajauliza.

Nilisema yote. Yaya Mwamini alisimama, akachukua disketi zake, akatoka uani. Hakunipiga, hakunitukana. Alikaa juu ya kinu kilicholala, amenipa mgongo. Leo hii nikiukumbuka mgongo ule, bado unanichoma.

Papa aliikunja karatasi mara nne, kama ilivyokuja.

"Sahani yao ilikuwa huku tangu waliondoka?"

"Ndiyo, Papa."

"Bon. Kutoa, sikukatazi. Lakini ulitoa kwa kujificha, na ulitoa kitu ya yaya yako bila kumuuliza. Ile njo kosa."

"Tuende tuwaombe mashine," Mama alisema.

"Hapana. Kitu ukishapana, hauifuate nyuma."

Mimi nilimwona mkali. Siku hizi namwelewa zaidi, lakini siku ile nilitamani aifuate mbio.

Mashine yetu ikiwa imefungwa kabisa, siku mbili yaya Mwamini alitembea nyumba kwa nyumba na disketi zake, akiandika kwenye mashine zilizokuwa zinajizima. Kwa Tonton ilimeza kurasa nane za majedwali yake. Alirudi, akavua viatu, akalala na njaa. Nilimwekea kwanga, ule mkate wa mihogo, kando ya kitanda. Hakuigusa.

Jumatatu shuleni Béa aliniuliza kwa nini macho yangu yamevimba. Nilimwambia, nikamwapisha asiseme kwao. Wewe uliyewahi kumwapisha mtoto wa miaka kumi na miwili unajua ilivyokwenda.

Jumanne mchana, mvua imetoka kunyesha, toleka mbili ziliingia uani mwetu. Kwenye ya kwanza Papa Béa, amepakata skrini kama mtoto mchanga. Kwenye ya pili Béa, amekumbatia mashine iliyofungwa kwa liputa, kitenge cha mama yake, na juu kabisa, chini ya kidevu chake, sahani nyeupe yenye ua jekundu. Matope yalikuwa yamewafika magotini. Papa alitoka na sepetu lake begani, akaliegemeza ukutani.

"Papa Assani," Papa Béa alisema, "sahani ilitufikia na kitu ndani. Leo inarudia kwenu, haiko bule."

"Mwalimu, na mitihani ya batoto?"

"Mukono yangu haijakatika. Nitaandika na mukono, ni kama zamani. Mutoto amalize kwanza mémoire yake."

Papa alitaka kukataa. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akamwangalia yaya Mwamini mlangoni, akaipokea ile skrini kwa mikono miwili.

Walipoiwasha, sote tuliinama kuangalia pembe ya skrini. Siku 61. Mtaa mzima mashine zilikuwa zimekwisha, na hii moja, kwa sababu niliiba nafasi yake nikaitoa kwa kuchelewa, ilikuwa bado hai. Yaya Mwamini aliketi, akavuta kiti, na bila kugeuka akaniambia, "Sakina, uniletee ile kwanga." Nilikimbia mpaka nikajigonga mlangoni.

Aliandika karibu wiki tatu. Mimi nilimsomea takwimu zake kutoka kwenye madaftari, mihogo, mpunga, idadi ya miti kwa kila shamba, na sikukosea hata moja. Alipeleka mémoire siku ya mwisho, saa nne asubuhi, na kwenye ukurasa wa shukrani jina la Papa Béa lilitangulia lile la profesa, jambo lililozua maneno chuoni. Mashine ilirudi Kapalata na sahani juu yake, ndani kuku wawili wa kukaanga. Mama alikopa mafuta kwa ajili yao, na alitembea kichwa juu wiki nzima.

Siku hizi kila mtu ana kompyuta yake, na inajifungua yenyewe kwa mtandao, kila mtu na akaunti yake na neno lake la siri. Mtoto wa yaya Mwamini alikuja kwangu juzijuzi, akaketi na mashine yake mapajani. Nikamwomba aniandikie barua moja tu, akanijibu, "Tantine, hii imefungwa kwa jina langu." Hakuwa na ubaya, maskini. Ndivyo alivyofundishwa, na labda hata sheria iko upande wake. Nilimpa sombe akale kwao. Wiki ya pili hii, sahani yangu haijarudi, wala bure.

Papa alitutoka mwaka jana. Tukipanga karatasi zake tulikuta diski ile, imekwaruzika, na karatasi yake iliyokunjwa mara nne. Nilifunua mistari kumi. Miaka yote niliamini kwamba ule wa mwisho ulibaki kama nilivyouacha, na sikuwahi kuthubutu kuangalia. Penseli ilikuwa palepale, "Ya nyumba." Mbele yake Papa alikuwa ameongeza kwa kalamu, kwa ule mwandiko wake wa barua za watu: "Iko kwa Béa."