Sihami kwa Ajili ya Kitufe

Barua ya uhamisho ilimkuta Oliva amepiga magoti chini ya meza, bisibisi mdomoni, anakaza soketi iliyolegea. Meneja Dastan aliiweka juu ya kiti, akaigonga kwa kidole mara mbili.

"Ukimaliza, soma."

Hakusubiri kumaliza. Aliisoma palepale chini, vumbi likiwa magotini. Kuanzia mwezi ujao atahamia Nakapanya, kwenye ghala la korosho la ushirika wao, ili awe karibu na seva.

"Sihami," alisema.

"Hujainuka hata hapo chini, umeshajibu?"

"Nikiinuka jibu litakuwa lilelile, mkuu."

Ndivyo alivyo Oliva. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, sauti yake ya chini hata kuku wa jirani hawashtuki. Lakini neno lake akishalichimbia ardhini, ng'ombe wawili hawaling'oi. Kompyuta hakuzisomea sana. Alianza akiwa karani wa mizani, mashine zikiharibika anasimama nyuma ya fundi anatazama mikono yake. Siku moja fundi hakuja, Oliva akafungua mwenyewe, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena fundi yuko wapi.

Hiyo seva iliyoleta maneno ni kompyuta kubwa isiyo na kioo, imefungiwa kwenye chumba kidogo cha ghala, inatunza uzito wa kila gunia la korosho linaloingia. Inaendeshwa kwa Linux, na kazi zake karibu zote Oliva alizifanya akiwa Songea, kwa kuandika tu. Tatizo lilikuwa moja: ikiganda, imeganda. Huiambii kitu. Lazima mtu aende akabonyeze kitufe, izime, iwake upya. Na kitufe kile alikatazwa kila mtu isipokuwa Oliva, maana mwaka juzi kuna mpima magunia aliagizwa kwa simu akibonyeze, akakibonyeza mfululizo kama kengele ya baiskeli, kumbukumbu za wiki nzima zikaharibika. Basi Oliva anapanda basi, Namtumbo, Tunduru, mpaka Nakapanya, siku nzima kwenye kiti, anabonyeza mara moja, kesho yake anarudi.

Nyumbani, mtaa wa Lizaboni hapo Songea, Oliva alikuwa na baba yake, Mzee Kajetani, ambaye macho yake yalikwisha kupofuka. Mzee haoni, lakini Songea anaijua kwa nyayo. Mlangoni mpaka kisimani hatua ishirini na sita. Getini mpaka kanisani anapinda mara tatu, na kila anapopinda yupo mtu wa kumwita kwa jina. Nakapanya nani atamwita?

Alisomewa barua jioni ile, akacheka kidogo.

"Dastan ndiye yule mtoto aliyekuwa analia akiona sindano ya chanjo?"

"Ndiye, baba. Siku hizi anavaa tai."

"Mwanangu, ukinipeleka huko nitapofuka mara ya pili. Wewe nenda, mimi niache."

"Sikuachi na siendi."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Asubuhi aliingia ofisini kwa meneja bila kuitwa. Akamwambia kwamba nyuma ya seva ile kuna tundu la waya lenye alama ya spana, limezibwa kwa mpira tangu mashine ilipotoka kwenye boksi. Ndani yake imo kompyuta nyingine ndogo, kazi yake kumlinda huyo mkubwa. Mkubwa akiganda, mdogo yuko macho. Mkubwa akizimwa, mdogo bado yuko macho, mradi umeme haujakatwa ukutani. Ukiweza kuongea na huyo mdogo, kitufe unakibonyeza ukiwa popote.

"Miaka yote hiyo ulikuwa wapi kusema?"

"Nilikuwa kwenye basi."

Dastan akakohoa. Akampa mpaka Ijumaa.

Oliva akaenda Nakapanya, kwa nadhiri kwamba anakwenda mara ya mwisho kwa shida ya kitufe. Alichomeka waya kwenye lile tundu. Akaweka programu ya ipmitool, akaiuliza kompyuta ndogo wewe ni nani. Ikajibu, lakini haikuwa na anwani. Akaipa anwani yake ya kudumu. Mtumiaji aliyekuja nayo kutoka kiwandani, ambaye neno lake la siri linajulikana dunia nzima, akamfunga. Akatengeneza mwingine, neno la siri refu kama litania. Akaenda chumba cha pili kujaribu: amekataliwa. Akajaribu tena: amekataliwa. Alikaa juu ya gunia karibu saa nzima ndipo akaliona kosa. Yule mtumiaji amepewa jina na ufunguo, hakuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mtandao. Akamruhusu. Kisha akahakikisha mlango wenyewe unafikika kwa njia ya ndani ya ushirika tu, usiachwe barabarani kila mpita njia akausukuma.

Mlinzi wa ghala, Mzee Alfani, alikuwa anamtazama kutoka kizingitini.

"Ijumaa utanifungulia chumba, mzee wangu, uniambie unachokiona. Kitufe usiguse."

"Elo," akaitikia kwa Kiyao. "Wallahi siligusi lidude lako."

Ijumaa saa nne asubuhi, Songea. Dastan amekaa, barua iko mbele yake, imeshapigwa muhuri. Oliva akafungua kompyuta yake, akaandika amri. Kioo kikajibu: seva imezimwa. Akaandika nyingine: seva imewashwa.

"Hayo ni maandishi," Dastan akasema. "Hata mimi naweza kuandika kwamba mimi ni askofu."

Oliva akampigia simu Mzee Alfani. Mtandao ulikuwa wa kukwaruza.

"Shikamoo, mzee. Mashine nzima?"

"Marahaba. Unasema?"

"Nasema mashine, nzima?"

"Elo, elo!"

Simu ikakatika. Oliva akageukia kioo aonyeshe. Kompyuta ndogo haijibu. Akarudia. Kimya. Dastan akaegemea kiti, akakunja mikono, akaanza kutabasamu taratibu kama mtu anayenyonya pipi.

"Mabegi makubwa unayo, mama, au nikuazime?"

Oliva akapiga simu tena.

"Mzee Alfani, umefanya nini?"

"Si umesema mashine zima! Nimezima. Kitufe sijagusa kama ulivyonikataza, nimezima huku ukutani."

Dastan akacheka mpaka akashika tai. Oliva naye kicheko kilimjia, akakimeza.

"Nilikuuliza kama ni nzima, mzee wangu. Nzima, yaani haijambo. Washa hapo ukutani, kisha toka nje kabisa, mlango uache wazi."

"Astaghfirullah! Lugha hii nayo. Nawasha."

Wakasubiri. Kompyuta ndogo nayo huamka kwa kujinyoosha. Dakika moja, ya pili, ndipo ikaitika. Oliva akaandika amri, na kwenye simu, ambayo Mzee Alfani hakuikata, wakasikia feni zinaunguruma na mzee anapiga kelele: "Imewaka! Mimi niko nje na imewaka!"

"Kwa hiyo bado unahitaji mtu wa ukutani," Dastan akasema.

"Mtu wa ukutani yupo, analinda pale mwaka wa kumi na saba. Umeme ukikatwa ukutani, hata nikihamia nikakaa juu ya seva yenyewe, haitawaka. Unataka nihame nikafanye nini?"

Dastan akavuta kompyuta upande wake. Akataka kujaribu kwa mkono wake. Akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Kila mara feni ziliitikia kwenye simu, na tabasamu lake likawa linapungua kidogo kidogo.

"Barua imeshapigwa muhuri," alisema mwishowe.

"Muhuri ni wino."

Dastan akavuta droo aitumbukize barua humo. Oliva akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Humo usiiweke, mkuu. Ikikaa kwenye droo itatoka siku nyingine."

Wakatazamana. Nje mtu alikuwa anafagia, na ufagio ukasimama. Dastan akaichukua barua, akaichana katikati.

"Umeridhika?"

Oliva aliinama akatazama, bila haraka, kama anayekagua mizani.

"Bado inasomeka," akasema.