Generosa Aliyeuona Mwamba

Generosa, binti wa Mzee Valerian, alikulia Segese kwenye duara la baba yake, shimo la wachimbaji wadogo. Desturi ya pale ni kwamba anayeuona mwamba wa dhahabu kwanza hupiga yowe. Walio juu huitikia kwa kutaja jina lake, na tangu hapo hakuna wa kumnyang'anya. Hakuna cha karatasi wala muhuri.

Mimi ni binamu yake, nauza mchele Nyahanga, na mambo ya maabara yananipita kushoto. Lakini hili alinielewesha. Ndani ya seli zetu, uzi wa vinasaba umezungushwa kwenye vibonge vya protini, kama kamba ya winchi kwenye gogo. Zikija protini nyingine zikashika pale, uzi hukazwa au hulegezwa, na ndiyo maana seli ya ini haigeuki ya jicho. Kule Dar es Salaam alikokuwa akisomea shahada ya uzamili, walichunguza protini moja ambayo wote waliamini inashika kamba. Generosa alipanga upya picha za darubini, akaona inashika gogo lenyewe, ubavuni. Shahada yake yote ilisimama hapo.

Krismasi akaja nyumbani na Dorah, rafiki yake wa maabara. Tukamchinjia jogoo. Mzee Valerian mwenyewe alimpeleka duarani akamfundisha desturi ya yowe. Waliporudi, Generosa akafungua kompyuta, akamwonyesha zile picha za darubini huku akicheka.

"Dorah, nimeuona mwamba!"

"Generosaaa!" Dorah akaitikia, tukapiga makofi.

Kwa Generosa, ugunduzi ulikuwa umeshakuwa wake. Hakuona hata haja ya kumwandikia msimamizi wake wa masomo.

Pasaka tulikuwa tena Segese ilipotoka makala ya kisayansi kuhusu ile protini inayoshika gogo. Jina la mwandishi lilikuwa la Dorah. Sasa Generosa akiwasilisha kazi yake, mwizi ataonekana yeye. Alimpigia, akaweka spika.

"Dorah, si uliitikia jina langu?"

"Jamani Gene, ule si mchezo wa kwenu tu? Sayansi siyo duara. Tafuta kingine, una akili."

Una akili! Nilitamani kuipasua ile simu. Generosa akakata, akalia waziwazi kama mtoto.

Mzee Valerian alikuwa ameketi mlangoni.

"Huyo ndiye yule mgeni wetu?"

"Ndiye, baba."

Mzee akageukia upande wa duara.

"Aliitikia vizuri sana," akasema. "Mpaka nikampenda."